Kufundisha historia ya Spelman kwa kamba, kadi na viti 11

Mwalimu mwenzangu wa Historia, ukifika kwenye mada ya watu wenye asili ya Afrika katika Dunia Mpya najua utakachofanya, maana ndicho tunachofanya karibu wote: Booker T. Washington, Du Bois, Garvey, King, halafu sababu sita, mafanikio sita, matatizo sita, tunasonga mbele kwa kuwa mtihani wa taifa haumsubiri mtu. Wanaume watupu. Mimi nafundisha mabinti wa HGL na HKL (michepuo ya kidato cha tano na sita yenye Historia) hapa Moshi, wengine wametoka Mwika na Rombo, wengine ni wa mjini hapahapa, Pasua na Majengo, na siku moja mmoja wao alininyooshea mkono akauliza: "Madam, hawa wanaume walikuwa hawana dada?" Tangu hapo natenga vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80, kwa ajili ya chuo kimoja tu: Spelman, chuo cha wanawake weusi kilichoko Atlanta, jimbo la Georgia, Marekani. Nakueleza ninavyolifanya somo lenyewe, uchukue utakachokiona kinakufaa.

Jambo moja nalishikilia kuliko yote: usianze na tajiri. Anza na waliokuja kusoma. Tajiri atafika tu, matajiri hawakosi njia ya kuingia kwenye historia.

Maandalizi

Projekta sahau. Hata kama shule inayo, umeme utakatika ukiwa kwenye picha ya pili. Nunua kamba ya kuanikia nguo, futi 15, na vibanio vya nguo kama 20. Chukua manila mbili, za rangi tofauti ukipenda, na kalamu ya wino mnene. Steshenari za pale mjini kuanzia Mnara wa Saa kwenda stendi watakukatia manila vipande vya ukubwa wa daftari ukiwaomba vizuri, na mkato wao umenyooka kuliko wa mkasi wetu wa ofisini.

Funga fundo kila baada ya futi moja. Kila fundo ni miaka kumi, fundo la kwanza likiwa 1880. Ifunge kamba ukutani, kutoka nondo ya dirisha la mbele hadi la nyuma. Kisha andika kadi zenye mwaka tu upande mmoja: 1881, 1883, 1884, 1889, 1901, 1902, 1924, 1953, 1960, 1976, 1987. Upande wa pili uache mtupu, huo watauandika wao. Usizitundike mapema. Zigawe kifudifudi, kila kadi kwa wanafunzi wawili au watatu, na kila kundi litakuja kutundika pale hadithi itakapofika mwaka wake. Atakayebanika 1960 mahali pa 1950 wenzake watamsahihisha kwa kelele, wewe huna haja ya kusema neno.

Kama kalenda inaruhusu, fundisha tarehe 11 Aprili au siku za karibu, kwa sababu ndiyo siku chuo kilipozaliwa. Kwetu huo ni mwezi wa masika. Mvua ikipiga bati itabidi upaze sauti, lakini unyevunyevu utakusaidia kwa hatua inayofuata.

Viti 11

Panga viti 11 kwenye kona ya nyuma, vikiwa vimebanana, uwakalishe wanafunzi 11. Funga madirisha ya upande huo. Waambie hapo ni chumba cha chini cha Kanisa la Friendship Baptist, Atlanta, tarehe 11 Aprili 1881, na kina unyevu. Wanafunzi wa siku ya kwanza ni wanawake kumi na msichana mmoja. Wengi wao walizaliwa utumwani.

Hapa usiharakishe. Andika ubaoni: 1865, utumwa unapigwa marufuku Marekani nzima. Halafu mpe kila aliyekaa kwenye kiti umri wa kubuni, uwaambie wazi kwamba ni wa kubuni: wewe una miaka 25, wewe 40, wewe 52. Kila mmoja apige hesabu amekuwa mtumwa miaka mingapi. Mwenye 40 alizaliwa 1841, kwa hiyo ana miaka 24 ya utumwa na 16 ya uhuru. Mwenye 52 ana 36 kwa 16. Kumi na sita ile inajirudia kwenye kila jibu, na mabinti wenyewe ndio watakaoinua vichwa kusema kwamba 16 ni umri wa mdogo wao wa kidato cha tatu. Ongeza kwamba tangu 1829 sheria ya Georgia ilikataza kumfundisha mtu mweusi kusoma, awe mtumwa au huru. Sasa waulize: mama wa miaka 52 anayekuja kujifunza herufi kwenye chumba chenye unyevu anatafuta nini? Watasema ajira. Wape muda, watafika. Wengi walitaka kuisoma Biblia kwa macho yao wenyewe, si kusomewa.

Baada ya hapo ndipo uwalete walimu. Sophia Packard na Harriet Giles, wazungu wawili kutoka Massachusetts, walimu wa miaka mingi, waliotumwa na chama cha wanawake wa Kibaptisti. Packard alikuwa na miaka 57. (Walimu wenzangu mnaohesabu miezi ya kustaafu, mnisikie hapo.) Mkononi walikuwa na dola 100 zilizotolewa na kanisa moja la mji wa Medford. Shule waliiita Seminari ya Kibaptisti ya Wanawake ya Atlanta.

Ukiuliza nani aliianzisha, darasa zima litajibu Packard na Giles. Wakubalie, halafu uliza jengo lilikuwa la nani. Lilikuwa la kanisa la watu weusi, chini ya mchungaji Frank Quarles, mtu mweusi mwenye heshima kubwa miongoni mwa Wabaptisti wa Georgia. Ndiye aliyewafungulia mlango na kuwatangazia waumini wake. Mwaka huohuo alisafiri kwenda kaskazini kutafutia shule fedha, na hakurudi, alifia hukohuko. Jina lake liandikwe kwenye kadi ya 1881 juu kabisa, kwa herufi sawa na za wale wawili. Nasisitiza kwa sababu mwanafunzi akiachiwa mwenyewe atamwandika chini pembeni, kama shukrani kwa mpishi.

Sasa hela

Kufikia katikati ya 1881 wanafunzi wamefika kama 80, na chumba ni kilekile. Mwaka 1882 Packard na Giles walikwenda Cleveland, Ohio, kuzungumza kanisani, na kati ya waliosikiliza alikuwemo John D. Rockefeller, tajiri wa mafuta. Alitoa alichokuwa nacho mfukoni, akaahidi dola 250, na aliwauliza kama wataing'ang'ania kazi ile, kwa sababu waombaji wengi huja mara moja wakapotea. Mabinti wangu hulipenda swali hilo kwa kuwa ni lilelile mjomba analouliza kabla ya kulipa ada.

Kadi ya 1883: shule inahamia kwenye ekari tisa zenye majengo matano ya mbao, yaliyokuwa kambi ya wanajeshi wa serikali kuu baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe. Kiwanja kilikuwa na deni, na deni hilo ndilo kiini cha kipindi cha kwanza. Chama kikubwa cha misheni kilichosaidia kununua kilipendelea shule ya wasichana iunganishwe na ile ya wavulana, ambayo baadaye ikawa Morehouse. Wale walimu wawili walikataa. Walitaka wasichana wawe na mahali pao. Kwa hiyo kila dola ya deni iliyobaki ilikuwa sababu ya kuendelea kuongelea kuunganisha. Makanisa ya weusi wa Georgia yalichanga, watu ambao hawakuwa na kitu, na Rockefeller akamalizia. Mwaka 1884 shule ikapewa jina la Seminari ya Spelman, kwa heshima ya mke wake, Laura Spelman, na wazazi wa Laura, waliokuwa wapinga utumwa na nyumba yao Ohio ilikuwa moja ya vituo vya siri vya kuwatorosha watumwa.

Hapo simamisha somo, uweke hoja mezani: aliyemalizia deni anastahili jina? Gawa darasa mara mbili. Usiogope kelele. Kila mmoja wao anaijua shule ya kata ambayo wazazi walibeba mawe na mchanga, halafu siku ya uzinduzi jina likawa la mheshimiwa. Wengine watasema jina ni la familia iliyohatarisha maisha yake kwa ajili ya watumwa, si la mwenye hela. Wengine watauliza kwa nini isiitwe Quarles. Mimi binafsi niko upande wa Quarles, lakini naficha hadi kengele.

Washington na Du Bois, kwa kifupi

Hawa wamo kwenye muhtasari, kwa hiyo usiwarudie, watumie. Waulize: Spelman ilikuwa ya Washington, aliyehimiza elimu ya kazi za mikono, au ya Du Bois, aliyehimiza elimu ya juu? Palikuwa na kushona, kupika, kufua na uchapishaji. Kuanzia 1886 palifundishwa uuguzi. Washington angepiga makofi. Lakini palikuwa pia na mafunzo ya ualimu na masomo ya juu, wasichana sita wakapata diploma za kwanza za sekondari 1887, na 1901 wawili, Jane Anna Granderson na Claudia Turner White, wakapata shahada za kwanza. Washington alitoa hotuba yake maarufu ya 1895 katika mji huohuo wa Atlanta, na Du Bois alifundisha Chuo Kikuu cha Atlanta, jirani kabisa, kuanzia 1897. Dakika tano zinatosha. Jina rasmi la Chuo cha Spelman lilikuja 1924. Itundike kadi, usitoe hotuba.

Chilembwe: hapa ndipo somo linaposhika

Kila mwanafunzi wa Tanzania anamjua John Chilembwe wa Nyasaland (Malawi ya leo), mchungaji aliyeongoza uasi dhidi ya Waingereza. Wamemkariri tangu kidato cha tatu: 1915, kodi, kazi za kulazimishwa, mashamba ya walowezi. Wasilolijua ni kwamba uzi mmoja wa hadithi ile unapita Spelman.

Chora ubaoni Atlantiki, Marekani upande mmoja, Afrika upande wa pili. Anza na kadi ya 1889. Nora Gordon, aliyesoma Spelman, anakwenda Kongo kama mmisionari, miaka minne tu baada ya Mkutano wa Berlin kumalizika, nchi ikiwa mikononi mwa Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Mwaka unaofuata Clara Howard, aliyekuwa wa kwanza katika wale sita wa 1887, naye anakwenda Kongo. Chora mshale. Darasa limezoea mishale ya meli za watumwa kutoka Afrika kwenda Amerika. Huu unaelekea kinyume, na ni wa binti wa watu waliokuwa watumwa.

Kisha 1902. Emma DeLaney, mhitimu mwingine wa Spelman, anafika Chiradzulu, karibu na Blantyre, kufanya kazi kwenye misheni ya Chilembwe mwenyewe, Providence Industrial Mission. Alifundisha pale hadi 1905. Kijana mmoja aliyemsaidia kazi, Daniel Malekebu, baada ya DeLaney kuondoka akafanya kila njia hadi akafika Marekani, akasoma, akawa daktari. Huko akamwoa Flora Zeto, aliyezaliwa Kongo, akapelekwa Marekani akiwa mdogo chini ya malezi ya Clara Howard, akasoma Spelman.

Waache waunganishe wenyewe. Howard alikwenda Kongo, akarudi na Zeto. DeLaney alikwenda Nyasaland, Malekebu akamfuata. Zeto na Malekebu wakaoana. Wakati huo Chilembwe ameshapigwa risasi, Februari 1915, na kanisa lake limebomolewa na serikali ya kikoloni. Mwaka 1926 mume na mke hawa walirudi Chiradzulu baada ya Waingereza kuwakatalia mwanzoni, wakaifungua upya misheni ileile.

Hapa mimi hutumia nyuzi za kufumia za rangi mbili, moja kwa wanawake waliovuka kuja Afrika, moja kwa waliovuka kwenda Marekani, nazibandika kwenye ramani kwa selotepu. Mchoro wa chaki unafutika kipindi kijacho, uzi unabaki, na mwalimu wa Jiografia akilalamika mwambie ni somo mtambuka. Mwanafunzi atakayeweza kuusimulia mzunguko huu bila kuangalia daftari ana aya nzima ya insha ambayo msahihishaji hajaisoma kwa mtu mwingine siku hiyo.

1960, zoezi la karatasi

Kipindi cha pili kimekaribia nusu. Waambie Spelman ya miaka ya 1950 ilikuwa ya nidhamu kali: ruhusa ya kutoka, mavazi, adabu za mezani. Wanafunzi wa bweni hawahitaji maelezo zaidi. Mama yake Martin Luther King alipita hapo, na dada yake Christine alihitimu 1948.

Machi 1960 viongozi wa wanafunzi wa vyuo sita vya weusi vya Atlanta walitoa tamko magazetini, Wito wa Haki za Binadamu, tarehe 9. Rasimu kwa sehemu kubwa ni ya Roslyn Pope, rais wa serikali ya wanafunzi Spelman. Siku sita baadaye wanafunzi walikwenda kukaa kwenye migahawa iliyowakataza weusi.

Zoezi ni hili: kila kundi lipewe robo karatasi, liandike maeneo ambayo linadhani tamko lililalamikia. Kusanya, andika ubaoni, halafu funua orodha yenyewe. Yalikuwa saba: elimu, ajira, nyumba, kura, hospitali, burudani na migahawa, na polisi. Karibu kila mara hospitali hukosekana kwenye majibu ya darasa. Binti mmoja ambaye mama yake ni muuguzi Mawenzi ndiye pekee niliyemwona akiiandika.

Usiwaachie picha ya chuo kilichokuwa kitu kimoja. Rais wa wakati huo, Albert Manley, aliyeanza kazi 1953 (hiyo ndiyo kadi yake), alikuwa mtu mweusi wa kwanza kukiongoza, na ndiye aliyemwondoa 1963 mwalimu wa Historia Howard Zinn, mzungu aliyekuwa upande wa wanafunzi waliokuwa wakiandamana. Darasa litataka kujua nani mwema. Jibu langu huwa swali: ada na misaada ya chuo ilitoka kwa nani, na mkuu wa shule yetu angefanyaje?

Kiti cha rais

Weka kiti kimoja mbele ya darasa, kitupu. Taja waliokikalia, na kila ukitaja, mwanafunzi mmoja aje akae kisha aondoke. Packard, Giles, Tapley, Read: wanawake wanne, wote wazungu. Manley na Stewart: wanaume wawili, wote weusi. Nyamaza hapo. Kuna atakayesema, "Kwa hiyo mwanamke mweusi bado?" Katika chuo cha wanawake weusi, miaka 95 baada ya vile viti 11.

Hivyo ndivyo walivyosema wanafunzi wa 1976. Wadhamini walipomteua Donald Stewart, wanafunzi waliwafungia ndani ya chumba cha kikao saa 26, wakidai rais awe mwanamke mweusi. Uteuzi haukubadilika. Stewart alikaa miaka kumi. Mwaka 1987 akaja Johnnetta Cole, mwanaanthropolojia, mwanamke mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho. Muite binti aje akikalie, na ukimya wa darasa uwe wa kwao, usiuongezee maneno. (Ila waambie mapema kwamba kufungia bodi si zoezi la vitendo. Mimi huwaambia.)

Maswali watakayokuuliza, na kazi ya nyumbani

Kama bado kipo: kipo, kina zaidi ya wanafunzi 2,000, na 2024 kilipokea zawadi ya dola milioni 100 kutoka kwa mwanabodi mmoja na mumewe. Mwambie anayependa hesabu ailinganishe na zile 100 za Medford. Kama ni chuo pekee cha aina hiyo: kipo kingine, Bennett, Greensboro, North Carolina, kilichoanza 1873 kikiwa cha jinsia zote na kuwa cha wanawake watupu 1926. Kama wanavaa sare: hapana, lakini kwenye sherehe kubwa huvaa nguo nyeupe.

Kazi ya nyumbani ni kurasa mbili, hakuna orodha ya nukta: "Spelman ilijengwa na nani?" Natoa alama kwa majina yenye mwaka, natoa zaidi kwa anayeweza kusema nani alilipa, nani alikaa kwenye kiti na nani alivuka bahari. Insha inayoanza na Rockefeller nairudisha iandikwe upya, na wanalijua hilo kabla hawajatoka mlangoni. Kadi zikusanye ukihesabu. 1884 ndiyo hupotea, sijui kwa nini, tengeneza mbili.